Mchezo wa Umaskini na Vijana Wanaotoka Wakishukuru

Mlangoni pa ukumbi wa karamu ya njaa, zoezi la kuwaonjesha vijana umaskini, kuna kapu la kadi. Kila kijana anachomoa moja bila kuchungulia. Kati ya mia wanaoingia, 15 wanapelekwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe na wahudumu wa kuwapakulia kuku, saladi na juisi. Wengine 35 wanapewa viti bila meza, na sahani ya wali na maharage. Hamsini waliobaki wanaoneshwa sakafu. Kuna wali mtupu, maji ya kunywa, basi.

Dakika za mwanzo ni vicheko. Kisha vicheko vinapungua, hasa kule sakafuni, ambako harufu ya kuku inafika mapema kuliko wali. Mwezeshaji anapita na kipaza sauti: wewe, mvua hazikunyesha, shuka sakafuni, wewe umepata mkopo, panda kitini. Mwisho watu wanakusanyika, kipaza sauti kinazungushwa, na kijana mmoja anasema maneno ambayo kumbi nyingi za namna hii zimeyasikia:

"Nimejifunza kushukuru kwa nilicho nacho."

Makofi.

Ni sentensi hiyo ambayo kwa wiki kadhaa imekataa kuniacha. Ikisemwa nyumbani, kabla ya kula, haina ubaya wowote. Ikisemwa pale ukumbini, inamaanisha somo limekwisha: kijana ameona wenye shida, ameona yeye hayumo, anarudi kwao. Hajauliza kwa nini wali uko sakafuni na kuku yuko mezani. Na angeulizaje, wakati zoezi lenyewe limeshamjibu? Ni kadi. Umechomoa vibaya. Hakuna aliyepanga bei, hakuna aliyechelewesha malipo, hakuna aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili.

## Karamu inafundisha nini

Tuitendee haki. Karamu ya njaa, ambayo Oxfam America imekuwa ikiiandaa tangu 1974 na ambayo shule, makanisa na vyuo vingi vimeiiga, inafundisha mgawanyo, na inaufundisha vizuri. Asilimia kwenye ubao hazimshtui mtu. Watu hamsini wakikaa sakafuni mbele yako, unaelewa hamsini ni wangapi. (Mgawanyo wa makundi umebadilika toleo hadi toleo, huo wa 15, 35 na 50 ni mmoja wa iliyotumika sana.)

Methali inasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Karamu hizi zimejengwa juu ya tumaini kwamba atamjua kwa jioni moja.

Ndipo shaka inapoanza.

## Njaa yenye saa ya kumalizika

Mazoezi mengi ya kuigiza umaskini huchagua kile kilicho rahisi kuigiza: tumbo tupu, sakafu, giza, ndoo kichwani. Shirika la World Vision limekuwa na mfungo wa saa 30 kwa vijana wa Marekani, na ule wa saa 40 wa Australia ulianza 1975. Umechangisha pesa nyingi, na sina neno na hilo. Lakini njaa ambayo unajua itakwisha saa ngapi ni mazoezi ya subira. Aliye maskini kweli hajui, na kile kinachomchosha zaidi ya tumbo ni hesabu: nikilipa hiki leo, kile kitakatika lini?

Kuna jambo jingine, na hili lina ushahidi. Mwaka 2015 Arielle Silverman na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliofungwa vitambaa machoni ili "waonje" upofu. Walipovuliwa, waliwaona vipofu kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea, kuliko walivyoonwa na watu ambao hawakufungwa. Ukifikiri kidogo inaeleweka. Walionja siku ya kwanza ya upofu, siku ya kujigonga ukutani. Hawakuonja mwaka wa kumi, ambao una ustadi wake.

Umaskini nao una ustadi wake. Kuna kujua duka gani linakopesha na lipi linaandika deni mara mbili, saa ngapi nyanya sokoni zinashuka bei, zamu ya nani katika upatu inaweza kuombwa isogezwe. Kijana aliyekaa sakafuni saa nzima akisubiri wali haoni hata chembe ya hayo. Anaona watu wanaosubiri wali.

Na wakati mwingine anaoneshwa kitu ambacho si umaskini kabisa. Mwaka 2003 Habitat for Humanity ilifungua mjini Americus, Georgia, kijiji cha maonyesho ambamo mgeni alipita kwanza kwenye vibanda chakavu, halafu akaingia kwenye nyumba za mfano kama zile ambazo shirika linajenga katika nchi mbalimbali, za Afrika zikiwemo. Nia ilikuwa njema. Ila mpangilio huo ulitoa jibu kabla ya swali, na ulimwacha mtoto aamini kwamba umaskini ni aina ya ukuta. Mtu wa pwani anajua kuwa nyumba ya fito, udongo na makuti ina ubaridi ambao nyumba ya mabati itauota tu. Ukimsimamisha kijana mbele yake ukamwambia "huu ndio umaskini", umemfundisha vibaya ujenzi na umaskini kwa pamoja.

(Afrika Kusini walifika mbali zaidi. Nje ya Bloemfontein hoteli moja ya kifahari ilijenga vibanda vya mabati vya kulaza wageni, sakafu zikiwa na mfumo wa kupasha joto, na Wi-Fi. Habari zilienea 2013 na watu hawakujua wacheke au walie.)

## Mchezo uliogeuka

Mwaka 2011 shirika la Urban Ministries of Durham, North Carolina, pamoja na wakala wa matangazo McKinney, walitoa mchezo wa mtandaoni uitwao SPENT. Umepoteza kazi, una dola 1,000, na mwezi ni mrefu. Kila siku unachagua: ulipe bima au usilipe, umpeleke mnyama wako kwa daktari au umwache. Walimu wengi waliupenda.

Mwaka 2016 Gina Roussos na John Dovidio wa Chuo Kikuu cha Yale wakaupima. Kuucheza hakukuongeza huruma kwa maskini, na kwa baadhi ya wachezaji kuliipunguza.

Maelezo yao ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu ile sentensi ya shukrani. Mchezaji ana vitufe. Kila anachobonyeza kinatokea. Anamaliza mwezi akiwa na dola kadhaa mkononi na anajiambia: kumbe ukipanga vizuri inawezekana. Kutoka hapo hadi "basi wao hawapangi vizuri" ni hatua moja fupi. Waliotazama tu mtu mwingine akicheza hawakupewa hisia hiyo ya kushika usukani, na baadhi yao walitoka na mtazamo laini zaidi kuliko waliocheza.

Kwa hiyo tuna makosa mawili yanayoonekana kupingana. Karamu inasema umaskini ni bahati. SPENT, bila kukusudia, inasema ni uchaguzi. Yote mawili yanaiacha nje ile sehemu ya katikati, yaani sheria za duka, za mkopo, za kodi na za kibarua, ambazo hakuna aliye sakafuni aliyeziandika.

Wamarekani wa Missouri wana zoezi linalokaribia. Mwezi una wiki nne za dakika 15 kila moja, kila mshiriki ni mwanafamilia fulani, na huendi kokote bila kadi ya usafiri. Ni hizo kadi za usafiri zinazowavunja watu. Wana pesa ya kodi mkononi na hawana nauli ya kuipeleka. Na kwenye shamba la Heifer International huko Perryville, Arkansas, vijana kwa miaka walikuwa wakilala usiku katika vijiji vya mfano, kundi moja likiwa na kuni, jingine maji, jingine chakula. Sehemu yenye thamani pale ilikuwa jioni, mwenye kuni alipogundua kwamba giza linampandishia bei. Kibanda walicholala hakikufundisha nusu ya hayo.

## Nyumba nane, wiki nne

Ufuatao ni muundo kwa vijana 40 wa sekondari ya hapa kwetu. Unahitaji chumba kikubwa, karatasi, dadu, kengele, na saa mbili kamili. Bei ni za mchezo, si za soko. Ziandike kwa "pesa" tu ili wasianze kubishana na bei ya jana.

Vijana 32 wanaunda nyumba nane za watu wanne. Wanane waliobaki wanashika vituo: duka la mangi, muuza maji, mwenye nyumba, mkopeshaji, mwajiri, zahanati, shule, na muuza tiketi za nauli. Wiki moja ni dakika 12, kisha dakika 3 za kuhesabu. Kutoka nyumbani kwenda kituo chochote ni tiketi moja, pesa 1. Zahanati na shule hazina bei ya kila wiki; kila moja inatoa kadi mbili za dharura kwa mwezi, kwa nyumba zilizochaguliwa kwa dadu, ili pasiwe na anayepanga akapatia mpaka mwisho.

Kila nyumba inahitaji kwa wiki kilo 5 za unga, lita 1 ya mafuta, madumu 14 ya maji, na kodi. Bei zinakwenda hivi:

- Unga: mfuko wa kilo 5 ni 40. Robo kilo ni 3.
- Mafuta: lita ni 24. Kipimo, sehemu ya kumi ya lita, ni 4.
- Maji: dumu ni 2. Au bomba la ndani, amana 60 mara moja, kisha 10 kwa wiki.
- Kodi: mwezi mzima mbele ni 60. Kwa wiki ni 20.
- Mkopo wa kausha damu: unaandikiwa 50, unakatwa 5 ya fomu, unapokea 45, wiki ijayo unarudisha 65.

Anayenunua unga kwa robo haruhusiwi kubeba zaidi ya robo tano kwa safari. Kilo 5 ni foleni nne na tiketi nne. Duka lina muuzaji mmoja, na asiongezewe msaidizi hata foleni ikifika mlangoni.

Nyumba mbili zina mshahara: pesa 500, siku ya kwanza. Nyumba tatu zina biashara ndogo: mtaji 100 na dadu kila wiki. Ikitoka 1 bidhaa zimeoza. 2 au 3 mtaji unarudi bila faida. 4 hadi 6 unarudi na 100 juu. Hizi zipo hasa ili vijana waone jinsi mtu anavyokula mtaji huku akijua anakula mtaji.

Nyumba tatu za mwisho ni za vibarua. Kibarua kimoja ni pesa 40. Mwajiri ana orodha ya siri: wiki ya kwanza kila nyumba inapata kibarua 1, ya pili 5, ya tatu 2, ya nne 4. Wao wanaambiwa tu, "Njooni muone kama kuna kazi."

Jumlisha. Vibarua 12 mara 40 ni 480.

Hapo ndipo mtego ulipo. Nyumba ya mshahara inapata 500, ya vibarua 480. Tofauti ni 20. Sasa angalia matumizi. Wenye mshahara wakinunua kwa mfuko, kwa lita, wakalipa kodi mbele na kuweka bomba, mwezi wao ni 416. Vibarua wakinunua vitu vilevile, kiasi kilekile, kwa robo, kwa kipimo, kwa dumu na kwa kodi ya wiki, mwezi wao ni 592. Kabla ya nauli.

Tukiacha nauli, wiki ya kwanza nyumba ya vibarua ina 40 na inahitaji 148. Itakwenda kwa mkopeshaji. Ikichukua mikopo miwili ina 130 mkononi, bado imepungukiwa 18, kwa hiyo mafuta yanapunguzwa. Wiki ya pili inaingia 200, mwezi unaonekana umetengemaa, watu wanapongezana, kisha 130 zinaondoka kwa mkopeshaji na kubaki 70. Kuna nyumba zitakazojaribu kununua mfuko wa kilo 5 kwa zile 40 za kwanza. Waache. Watakuwa na unga wa wiki nzima na hawana hata dumu moja la maji ya kuupikia. Mabishano ya hapo ni bora kuliko hotuba yoyote ya mwezeshaji.

Wakiomba kuanzisha upatu, ruhusu. Usiwapendekezee.

## Pale linapoharibika

Mkopeshaji mwenye huruma ndiye anayeharibu mara nyingi. Kijana wa watu anaona rafiki yake anahangaika, anasamehe deni, na mchezo unageuka tamthilia ya wema. Dawa si kumwambia awe mkali, maana akiwa mkali kwa kupenda wenzake watatoka na somo kwamba tatizo ni roho yake mbaya. Mpe deni lake mwenyewe: kila mwisho wa wiki apeleke makao makuu kiasi fulani, akishindwa kituo kinafungwa. Sasa ana sababu, na kwenye mjadala ataieleza mwenyewe.

Tatizo la pili ni mavazi na sauti. Mtu akishajifunga kanga kuukuu na kuanza kuongea kwa kunung'unika, wenzake wanacheka, na umaskini umekuwa kichekesho. Hakuna mavazi. Hakuna kuigiza sauti. Kadi inasema wewe una miaka 34 na watoto wawili, inatosha.

Wiki ya tatu mtu ataiba. Usimgombeze na usisimamishe mchezo. Andika ni nyumba gani na kabla ya hapo walikuwa na kiasi gani.

Muda ukibana, punguza dakika za wiki hadi 8, usipunguze wiki. Deni linahitaji wiki ya tatu na ya nne ili liume. Mchezo ulioishia wiki ya pili unawaacha vibarua wakiwa wametoka kushika 200 na kulipa mkopo wa kwanza, na darasa zima linaondoka likiamini mambo hunyooka yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo mingi ya nje haikulifikiria, kwa sababu iliandikwa kwa vijana wanaokula kuku. Katika darasa la Temeke, la Kisumu au la Goma kuna mtoto ambaye hakuigiza kitu. Ameamka bila chai, dumu analijua, mkopeshaji anamjua kwa jina. Karamu ya njaa mbele ya mtoto huyo haifai. Anaweza kuchomoa kadi ya sakafu na kukosa mlo ambao alikuwa ameutegemea. Kwa hiyo chakula halisi kisiwe sehemu ya mchezo, na kama kipo, wote wale sawasawa kabla ya kuanza. Vituo vigawiwe kwa kuomba, si kwa kura, maana mara nyingi mtoto huyo atataka duka, na atakuwa mangi wa kuogopwa. Na kamwe asiombwe "atusimulie hali halisi". Akitaka atasema.

## Dola 3, zipi?

Wawezeshaji wengi hufungua kwa mstari wa umaskini, na wengi huukosea. Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku, na kwa kipimo hicho watu wapatao milioni 808 duniani walikadiriwa kuwa chini yake mwaka huo. Kosa ni kuchukua dola 3 ukaenda nazo kwa mbadilisha fedha. Hizo ni dola za nguvu ya kununua, kwa bei za 2021: yaani kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani. Kwa shilingi ni kidogo kuliko unachopewa dirishani. Na ndani yake kimehesabiwa kila kitu, pamoja na mahindi uliyolima mwenyewe ukala. Kama huna dakika kumi za kulieleza hili, liache.

## Saa ya pili

Mjadala uchukue muda sawa na mchezo. Ukikatwa, bora mchezo wenyewe usifanyike, maana vijana watabaki na hisia bila hesabu.

Kwanza warudishe kadi na kutaja majina yao halisi. Ni jambo dogo, lakini bila hilo aliyekuwa mkopeshaji ataitwa mkopeshaji hadi mwisho wa muhula.

Swali la kwanza lisiwe "Ulijisikiaje?" Ukianza na hisia, shukrani itafika kabla hujakaa. Anza na "Wiki ya pili nyumbani kwenu kulitokea nini?" Kila nyumba ieleze kwa mpangilio: tulipata kiasi gani, kililipwa nini kwanza, nani aliamua. Hisia zitakuja zenyewe, zikiwa zimeshikamana na jambo.

Kisha wenye mshahara waulizwe kwa nini vibarua wamemaliza na madeni. Watasema kipato chao kilikuwa kidogo. Wengine watasema hawakupanga. Acha waseme hadi waishiwe. Ndipo uandike ubaoni, bila maelezo, 500 na 480.

Kaa kimya.

Baada ya hapo hesabu wafanye wao. Mfuko dhidi ya robo. Lita dhidi ya kipimo. Muulize mangi kwa nini robo ilikuwa 3, na atakuambia kadi ilimwambia hivyo. Muulize mangi wa kweli angejibu nini, na watakumbuka kwamba naye ananunua kwa wa jumla, anapoteza unga kwenye kupima, na kuna wanaokopa wasirudi. Muulize mwenye nyumba. Muulize mwajiri ile orodha ya 1, 5, 2, 4 ilitoka wapi. Wakishaanza kuulizana "nani kaandika hizi?", mwezeshaji anyamaze.

Kijana akisema anashukuru, na atasema, usimkatae. Muulize: kwa bei ya mfuko, unamshukuru nani?

Kazi ya wiki inayofuata ni ya sokoni. Kila mmoja aulize bei ya mafuta kwa kipimo kidogo kabisa kinachouzwa mtaani kwake, na kwa lita, na aje na tofauti kwa asilimia. Unga, sukari na mkaa vilevile. Matokeo yaandikwe kwa mitaa, si kwa majina ya watoto, ili asijulikane nani kwao wananunua kipimo.

Siku ya kuyasoma, aalikwe mtu anayeishi kwa hesabu hizo: mama lishe, kibarua wa ujenzi, mweka hazina wa kikoba. Asiitwe kutoa ushuhuda. Aitwe kama mtaalamu, apewe jedwali la vijana na kalamu nyekundu, arekebishe palipokosewa. Siku moja kabla, atumiwe nauli na posho sawa na ya mgeni rasmi yeyote, kwa sababu asubuhi hiyo ameacha kazi.